MASOMO YA NG'AMBO YANAYOLIPIWA: NI KAZI YA TAWI ZIMA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kamukuywa)



Sisi tunaosema mbele yenu ni watu wa reli. Kazi yetu ni mataruma, kokoto na vyuma. Wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule za misheni, na vyuo vikuu twavijua kwa kupita nje tu. Mwaweza kuuliza, watu wa namna hii wana neno gani juu ya shahada ya pili ya ng'ambo? Neno tunalo. Watoto wetu wamefika mahali ambapo sisi hatukufika, nao wamesimama mlangoni. Watu walio karibu nao wa kuwashika mkono ni sisi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Uko mpango uitwao Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Vyuo vikuu vya nchi mbalimbali hushirikiana kufundisha shahada moja, na mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili. Kijana wa nchi yo yote aweza kuomba, awe Mkenya, Mhindi au Mbrazili, maadamu ana shahada ya kwanza. Katika awamu ya 2021 mpaka 2027 anayechaguliwa kupewa msaada halipi karo, naye hupata yuro 1,400 kila mwezi, kwa miezi isiyozidi 24. Katika fedha hizo hutoa chakula, nyumba, visa na nauli. Kozi ni nyingi: maji, kilimo, afya, uhandisi. Mojawapo ni ya saikolojia ya watu wanaohamahama na wanaoishi pamoja hali wametofautiana. Jina lake ni Global-MINDS, na chuo kilichoiongoza ni ISCTE cha Lisbon, Ureno. Lakini si kila kozi huwa na nafasi za kulipiwa kila mwaka. Mwombaji asome tangazo la mwaka ule anaoomba, asitegemee la mwaka uliopita.

Sasa wako wanaosema kwamba saikolojia ni masomo ya wendawazimu. Ndugu, sivyo. Saikolojia ni elimu ya akili na tabia za watu, na hii ya tofauti za watu yauliza swali ambalo sisi wa reli twalijua sana: kwa nini mtu humdharau mwenzake kwa sababu ya kabila, rangi, dini au lugha, na dharau hiyo yaondolewaje? Reli hii ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imejengwa kwa jasho la maelfu ya watu walioletwa kutoka Bara Hindi pamoja na watu wa nchi hii. Zamani za ukoloni mishahara ya reli ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Msidhani jambo hilo limekwisha kabisa. Mwaka 2018 magazeti ya Kenya yaliandika malalamiko ya wafanya kazi wa reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, waliosema kwamba wanatengwa kazini kwa sababu ya taifa lao. Basi elimu hii ni haki ya mfanya kazi kama ilivyo elimu ya sheria za kazi. Hata Bunge letu liliitambua kazi hiyo kwa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014.

Tena tazameni hapa tulipo. Kamukuywa iko katika barabara ya Webuye kwenda Kitale, na sokoni petu Mbukusu, Msabaot, Mteso, Mkikuyu na Mturkana hununua na kuuziana. Siku nyingi twaishi vizuri. Lakini twakumbuka mapigano ya 1992. Twakumbuka mambo ya mashamba ya Chebyuk katika Mlima Elgon, na damu iliyomwagika huko tangu 2006 mpaka jeshi lilipoingia mwaka 2008. Twakumbuka watu waliolala katika uwanja wa maonyesho wa Kitale baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watoto waliokuwa migongoni mwa mama zao wakati ule ndio vijana wa leo. Wataalamu wa mbali wamekuja kuandika habari zetu, wakaenda zao. Je, si afadhali mtaalamu mmoja atoke kwetu, anayejua jina la kila kijito na sababu ya kila ugomvi?

Wengine watasema mambo ya ng'ambo ni ya watoto wa wakubwa. Tuwakumbushe habari za Tom Mboya. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Yeye mwenyewe alisoma shule za misheni, akaacha shule kwa kukosa karo, akawa mkaguzi wa afya Nairobi, kisha kiongozi wa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Ruskin College, Oxford, kwa msaada wa vyama vya wafanya kazi vya Uingereza. Aliporudi hakuufunga mlango nyuma yake. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, na mwaka 1960 akaenda Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ndege zililipiwa na wafadhili, lakini nguo, masanduku na fedha za mkononi zilichangwa vijijini, huyu kuku, huyu shilingi. Hilo ndilo tunalotaka mlishike: msaada wa mgeni hauanzi kazi mpaka wenyewe nyumbani wamekwisha kusukuma.

Sasa tuje kwenye kuomba kwenyewe. Kozi nyingi hufungua maombi kuanzia Oktoba na kuyafunga Januari, na masomo huanza Septemba inayofuata. Kwa hiyo kijana ajiandae mwaka mzima mbele. Karatasi zinazotakiwa kwa kawaida ni hizi: cheti cha shahada na orodha ya alama zake, pasipoti, maelezo ya masomo na kazi alizofanya, barua mbili za watu wanaomjua, kama mwalimu wake wa chuo au mkuu wake wa kazi, hakikisho la kujua Kiingereza, na barua ya kueleza kwa nini anataka masomo hayo.

Katika barua hii ya mwisho wengi huanguka. Huandika, "Tangu utotoni napenda kusaidia watu," neno ambalo kila mtu duniani aweza kuliandika. Kijana wa Kamukuywa aandike alichokiona. Aseme jinsi wanawake wa makabila mawili walivyorudi kuuza mboga benchi moja baada ya vita, na nani alianza kumsalimu mwenzake. Aseme alifanya nini yeye mwenyewe, kanisani, shuleni au katika kikundi cha vijana. Kisha aseme anataka kujifunza nini asichokijua, na akirudi atafanya kazi gani. Habari hiyo hakuna wa Lisbon wala wa Nairobi awezaye kumwandikia.

Na zile karatasi nyingine ndipo sisi tunapohusika. Binti wa mmoja wetu amemaliza shahada ya saikolojia kwa alama nzuri, naye leo anauza mitumba. Cheti chake kimezuiliwa chuoni kwa deni la karo la Sh. 38,000/-. Mlango wa ng'ambo wenye thamani ya mamilioni umefungwa kwa deni dogo la nyumbani! Baba yake ni mtu wa gengi, mshahara wake mwaujua. Deni hilo ni zito kwa mmoja, lakini kwa tawi zima si zito.

Neno jingine ni la hadhari. Mwaka 2023 wazazi wengi waliandamana Eldoret kwa ajili ya mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana Finland na Kanada. Walikuwa wamelipa malaki ya shilingi, wengine wameuza mashamba na ng'ombe, na watoto wao hawakwenda, au walikwenda wakakwama kwa karo. Jifunzeni hapo. Masomo ya kulipiwa na wafadhili hayauzwi. Mtu akikuambia mpe fedha ili akupatie nafasi, mwache. Maombi hupelekwa na kijana mwenyewe moja kwa moja chuoni, naye hujibiwa mwenyewe.

Basi twaleta mashauri matatu tawini. La kwanza, tufanye harambee mwisho wa mwezi huu tulipe deni la binti huyu, na baada yake tuweke mfuko mdogo kwa ajili ya vyeti, pasipoti na nauli ya kwanza, maana mara nyingi fedha za msaada hazitolewi mpaka mwanafunzi amekwisha kufika. La pili, walimu walio jamaa zetu waombwe kusoma barua za vijana kabla hazijapelekwa. La tatu, mzazi asimnyime binti ruhusa ambayo angempa mvulana.

Tena tuseme kweli: wanaoomba ni wengi na wanaochukuliwa ni wachache. Kijana akikataliwa mwaka huu asione haya, wala tusimcheke. Cheti chake kitakuwa mkononi, pasipoti itakuwa sandukuni, na barua yake itakuwa bora mwaka ujao. Na kama hakwenda kabisa, cheti hicho kitamtafutia kazi hapa hapa nchini.

Mfuko utashikwa na mweka hazina wa tawi, na kila shilingi itaandikwa na kusomwa mkutanoni. Anayetaka kutoa ajiandikishe leo kabla ya kuondoka.

Umoja ni nguvu.