Kabla Bunge la Kaunti Halijapitisha Fedha za Viwanja vya Shule



Hoja ya kukarabati viwanja vya shule inapofika katika bunge la kaunti, wengi huuliza kwanza ni pesa ngapi. Kuna swali linalotangulia: uwanja wenyewe uko chini ya nani? Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na viwanja vya michezo. Shule za msingi na za upili zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Basi uwanja ulio ndani ya ua la shule ya upili una wenyewe wawili, na cha wawili mara nyingi hukosa wa kukifyeka nyasi. Njia halali ipo. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizo mbili kuhamishiana jukumu kwa makubaliano. Mkazi anayeomba kuonyeshwa makubaliano hayo si mchochezi.

La pili ni kazi yenyewe. Jukwaa na rangi ya milingoti huonekana vizuri kwenye picha, lakini kinachoharibu uwanja ni maji. Penye udongo mweusi, mvua moja hugeuza uwanja kuwa bwawa, na jua likiwaka ardhi hupasuka na kuvunja vifundo vya miguu. Greda ikisawazisha bila mitaro, msimu ujao kazi inaanza upya. Kwa hiyo makadirio yaonyeshe mitaro, mwinamo wa kutoa maji na nyasi kabla ya jukwaa. Yaonyeshe pia nani atalipa mtunza uwanja mwaka wa pili, kipengele ambacho husahaulika kwa urahisi.

La tatu ni watoto watacheza wapi wakati kazi ikiendelea. Karibu na Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, uwanja wa Kamariny ulifungwa ili ukarabatiwe. Kazi ikakwama kwa miaka, na wanariadha waliozoea kukimbia hapo wakalazimika kutafuta pengine. Hao ni watu wazima, waliweza kuhama. Mtoto wa darasa la sita hawezi. Ni afadhali kukamilisha uwanja mmoja kuliko kuchimbua mitano kwa pamoja.

Halafu kuna kalenda. Makadirio ya bajeti huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa kifedha huanza Julai 1. Bunge likiongeza fedha mahali, sheria ya usimamizi wa fedha za umma inalitaka lipunguze kwingine. Shilingi ya uwanja huenda ikatoka kwenye kisima au zahanati, kwa hivyo anayetaka uwanja aje tayari kusema nini kingoje. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge kuwashirikisha wananchi, na maoni yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi.

Walimu wakuu, njooni na hati ya shamba la shule au barua inayoonyesha ilipofikia. Vijana, pigeni picha za uwanja siku ya mvua, si ya jua, mziwasilishe kwa karani wa kamati.