Chora Kwanza, Chonga Baadaye

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za mikono tunazozifanya kwa kujifurahisha, na jinsi kompyuta inavyoweza kuzisaidia. Sitazungumzia viwanda. Nitazungumzia bao.

Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32: safu nne, kila safu mashimo manane. Fundi hodari hulichonga kwa jicho tu. Sisi wengine tunahitaji mchoro. Ipo programu iitwayo OpenSCAD ambayo huichorei kwa mkono; unaiandikia maagizo, nayo inachora. Juu kabisa unaandika vipimo kwa milimita: kipenyo = 60; ukuta = 10. Kisha unaiagiza itoboe shimo moja, ilirudie mara nane, na safu nayo irudiwe mara nne. Majina ya vipimo hivyo mnaweza kuyaandika kwa Kiswahili, na programu itayapokea.

Sasa tufanye hesabu. Mashimo 8 ya milimita 60 ni 480, na kuta 9 za milimita 10 ni 90. Urefu wa bao ni 570. Kwa njia hiyo hiyo, upana ni 240 na 50, yaani 290. Lakini ubao uliopatikana kwa seremala una upana wa 255 tu! Kwa penseli na rula, ungefuta karatasi nzima uanze upya. Hapa unabadilisha namba moja: 60 inakuwa 50. Bao zima linajipanga upya, urefu 490 na upana 250, na ubao unatosha.

Wala hamhitaji mashine za gharama. Sura ya juu ya bao hilo mnaweza kuifungua katika Inkscape na kuichapa kwa ukubwa wake halisi. Karatasi tatu za A4 zinatosha. Kabla ya kuzibandika juu ya ubao, pimeni shimo moja kwa rula. Lisipotimia milimita 50, printa imeupunguza mchoro, nanyi mtaharibu ubao. Likitimia, chukueni patasi.

Ndugu zangu, programu hizi nilizozitaja ni za bure, lakini hilo silo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba ni huria. Waingereza wana neno moja kwa mambo haya mawili. Sisi tunayo mawili, basi tuyatumie. Cha bure hukilipii. Programu huria unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza ndani, kuirekebisha, na kumgawia mwenzako. Wapo vijana waliochora kazi zao kwa programu ya kukodi. Kodi ilipokwisha, mlango ukafungwa na michoro ikabaki ndani. Mchoro wa OpenSCAD ni maandishi matupu. Hata kompyuta isiyo na programu hiyo itakuonyesha kila namba uliyoiandika.

Tena chombo huria hakizikwi pamoja na mwenye mali. Mwaka 2002, kampuni iliyomiliki programu ya Blender huko Uholanzi ilifungwa. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, aliwaomba watumiaji wachange Euro 100,000 ili programu ikombolewe. Fedha zilipatikana kwa wiki saba tu, na Oktoba mwaka huo huo Blender ikawa mali ya wote. Hiyo ndiyo harambee.

Sitawadanganya kwamba mambo yote ni rahisi. FreeCAD, inayofaa kwa vyombo vyenye sehemu nyingi za kuunganishwa, ilianza mwaka 2002, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2024. Hata leo inamtaka mwanafunzi awe na subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ninyi wanafunzi, hesabu mnayoilalamikia darasani ndiyo hii iliyolitosheleza bao kwenye ubao. Shule mtaiacha siku moja, lakini chombo hiki mtaondoka nacho, pamoja na michoro yenu yote, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nanyi ndugu wanachama, kompyuta nyingi zinalala makabatini mwetu zikiwa bado zinafanya kazi. Tuzilete karakana ya shule. Programu hizi hazihitaji intaneti zikishawekwa.

Mwisho, nawapa wanafunzi kazi. Nyumba ya bao kwa desturi huchongwa mraba, nami katika hesabu yangu nimeiacha iwe duara kama mashimo mengine. Irekebisheni. Mkutano ujao tulicheze bao mlilolichora na kulichonga wenyewe, na anayejiona bingwa kati yetu wazee aanze kujiandaa.