SAMAKI WA NDOANO: TUMRUDISHE AU TUMPIKE?

Leo tuviache kidogo vitunguu na maharage, twende ziwani. Nasema hasa na ninyi wa Mang'ola na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Eyasi, ambao siku ya mapumziko huchukua ndoano mkaenda kupumzisha mgongo na kutafuta kitoweo.

Swali ni hili: samaki uliyemvua kwa halali, umrudishe majini au umpeleke jikoni?

Huko Uingereza wako wavuvi wa starehe wanaomvua samaki, wakampima, kisha wakamwachia. Uswisi wao wamekataa. Sheria yao hairuhusu mtu kuvua kwa nia ya kumwachia samaki, maana wanaona ni kumtesa bure. Basi hata huko hawajakubaliana. Sisi tulitazame ziwa letu.

Eyasi ni ziwa la magadi, kina chake ni kifupi, na wakati wa ukame hupungua sana, pengine hukauka. Perege wake ni wa aina isiyopatikana nje ya Tanzania: yumo humu, yumo Manyara, Kitangiri na maziwa mengine machache ya chumvi. Tena jike hutunza mayai na watoto mdomoni mwake. Ukimwua huyo mmoja, umeua na kizazi chake.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Maji yakiwa mengi, chukua wakubwa wa kutosha chungu cha siku hiyo. Wadogo, na jike mwenye mayai mdomoni, warudishe upesi. Lakini likibaki dimbwi linalokauka, kumrudisha perege humo ni kumwacha afe juani. Huyo mpeleke nyumbani, wala si kosa. Kambale huvuta hewa na kustahimili tope kwa muda, perege hawezi. Mvua ikirudi, samaki wa kuanza upya hutoka mitoni na kwenye chemchemi zisizokauka. Huko ndiko tuzuie mkono.

Na ukimrudisha, mrudishe vizuri. Lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humwondolea ule utelezi unaomkinga na magonjwa. Usimshike mashavuni anapopumulia. Ndoano ikiwa imeingia kooni, usivute, kata uzi. Anayetoka damu mashavuni hatapona, huyo ni wa chungu. Ndugu zangu, kuvua samaki ishirini kwa mchezo na kuwarudisha ishirini nusu maiti si kuhifadhi, ni kuharibu.

Kabla ya yote, mwulizeni Bwana Samaki wa wilaya juu ya kibali na vifaa vinavyoruhusiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Na wenzetu wa upande wa Ngorongoro wakumbuke kwamba hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1959, ina kanuni zake. Usitie ndoano humo kabla ya kuuliza.

Wakulima wa vitunguu mnajua: uko mwaka bei inaanguka na gunia halilipi hata gharama ya shamba. Mwaka kama huo, samaki wa Eyasi ndiye mboga ya watoto. Tumwachie mama yao leo, tumkute kesho.