Mlango wa Mwali na Jukwaa la Panki: Sauti ya Mwanamke katika Muziki, kutoka London hadi Kilosa na Mikumi



Neno panki si geni masikioni mwa Mtanzania. Vijana wa mijini hulitumia kwa mtindo wa nywele zinazonyolewa pembeni na kuachwa katikati ya kichwa. Na kando ya Ziwa Viktoria, mapanki ni mifupa ya sangara inayosalia baada ya minofu kukatwa viwandani. Muziki uliozaa ule mtindo wa nywele, hata hivyo, haukuota mizizi Afrika Mashariki. Mhadhara huu haukusudii kuizulia Kilosa au Mikumi historia ya bendi za panki. Unakusudia kulidadisi swali ambalo muziki huo uliliweka wazi, na ambalo nyimbo za Kiswahili zilikwishalikabili zamani: mwanamke asemapo kwa ukali hadharani, neno lake huhesabiwa kuwa sanaa au utovu wa adabu?

Panki ilishika kasi nchini Uingereza mwaka 1976. Miongoni mwa waliovuma alikuwamo binti aliyejiita Poly Styrene, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marianne Joan Elliott-Said. Alizaliwa mwaka 1957, baba yake akiwa Msomali na mama yake Mwingereza mwenye asili ya Uskoti na Ireland. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilikuwamo katika panki tangu mwanzo, ingawa aghalabu historia za muziki huo huikumbuka baada ya kumaliza kuwasifu wavulana. Bendi yake, X-Ray Spex, ilitoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1977. Wimbo huo hufunguliwa kwa maneno yasiyoimbwa: sauti ya upole ya msichana inayorejea mafunzo ya adabu ya Kiingereza kuhusu ukimya wa watoto wa kike, kisha ghafla sauti hiyohiyo inapasuka na kuwa ukelele. Mwimbaji alivaa waya wa kunyooshea meno bila kuuficha, wala hakujipamba kwa namna ambayo kampuni za rekodi ziliitaka kwa waimbaji wa kike. Albamu iliyofuata, Germfree Adolescents, ilitoka mwaka 1978. Baadaye aliugua, akatajwa kuwa na ugonjwa wa akili ambao sio aliokuwa nao, na miaka mingi ikapita kabla ya kosa hilo kusahihishwa. Alifariki mwaka 2011.

Wenzake wa The Slits walishika ala wenyewe kabla hawajazimudu vizuri, na hilo lilikuwa sehemu ya hoja yao. Mwimbaji wao, Ari Up, alijiunga na bendi akiwa na miaka kumi na minne. Kumbukumbu za mpiga gitaa wao, Viv Albertine, zilizochapishwa mwaka 2014, zinaonyesha kwamba hatari haikuwa jukwaani pekee: wasichana hao walitukanwa na kushambuliwa mitaani kwa sababu ya mavazi na mwenendo wao. Ni vema jambo hili likumbukwe na wale wanaodhani kuwa vitisho dhidi ya mwimbaji wa kike ni desturi ya Kiafrika.

Lakini wanawake kushika ala hakukuanzia London. Katikati ya miaka ya 1960, muongo mzima kabla ya The Slits, Dar es Salaam ilikuwa na Women Jazz Band, bendi ya wanawake waliopiga magitaa na ngoma wao wenyewe. Bendi hiyo ilizaliwa katika hewa ya uhuru na kwa baraka za wakubwa. Panki ilizaliwa kwa kuwapa wakubwa kisogo. Tofauti hiyo ni kubwa, na yamkini ndiyo inayoeleza kwa nini bendi ya Dar es Salaam haikuacha kizazi. Dansi lililotawala, likiwamo lile la Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, lilimwimba mwanamke usiku na mchana, ila kipaza sauti kilibaki mikononi mwa wanaume.

Hapa inafaa kurudi nyuma hadi kwa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kurekodi santuri huko Bombay mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zinazonasibishwa naye umo ule wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni kisiwani. Mtuhumiwa alitorokea bara, na wanawake waliomtoa marehemu matembezini ndio waliotiwa hatiani. Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti na wenzake zilivyoisaili mahakama ya kikoloni. Sauti ya Siti haikuwa ukelele. Ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliouwezesha wimbo kuingia baraza zote na kusemwa na kila mtu.

Kiswahili kimemtengenezea mwanamke hifadhi ambayo Kiingereza cha panki hakikuwa nayo, nayo ni fumbo. Katika taarabu mwimbaji hutoa kijembe bila kumtaja mlengwa. Msikilizaji ndiye anayeinuka, akaenda kutunza huku akimtazama mbaya wake, na hapo maneno yanapata mwenyewe. Kelly Askew ameieleza vizuri desturi hii kwa mifano ya Tanga. Mwimbaji akilaumiwa, anao utetezi: ameimba tu, aliyejitambua ni mwenye matendo. Khadija Kopa na wenzake wa mipasho, tangu enzi za ushindani wa Muungano na TOT katika miaka ya 1990, waliupunguza unene wa pazia hilo, wala hawakuliondoa kabisa.

Wilayani Kilosa hifadhi ilikuwa ya namna nyingine. Wakaguru na Wasagara, pamoja na Wavidunda wa upande wa Mikumi na Kidodi, ni jamii ambazo kwa jadi zilihesabu ukoo upande wa mama. T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti Ukaguru mwaka 1957, aliandika kitabu kizima kuhusu jando na unyago, kilichotoka mwaka 1997. Humo inadhihirika kuwa nyimbo za unyago zilikuwa shule ya lugha: mwali alifundishwa mafumbo yenye maana mbili, na wanawake watu wazima waliimba waziwazi mambo ambayo nje wasingethubutu kuyatamka mbele ya wakwe zao. Lugha hiyo ilikuwa kali, yenye kucheka na kudhihaki. Hakuna aliyeiita matusi, maadamu mlango ulikuwa umefungwa. Wamisionari, ambao walikuwapo Mamboya tangu karne ya 19, waliitazama ngoma kwa jicho la shaka. Na shule zilizowafuata hazikumpa msichana mahali pengine pa kuitumia lugha ile.

Jambo la kisarufi lisisahaulike hapa. Kitenzi cha Kiswahili hakionyeshi jinsia. Anayesema nimechoka aweza kuwa mume au mke. Hata yeye hasaidii kitu. Katika wimbo, ni sauti pekee inayobainisha nani anasema. Basi mhakiki anayenakili maneno ya wimbo katika daftari na kuyachambua kama shairi la vina na mizani amekwisha kumpoteza mwimbaji kabla ya kuanza kazi. Diwani nyingi zinazosomwa vyuoni zimefanya hivyo, na jina la mwanamke likikosekana chini ya ubeti hakuna anayeshtuka.

Bongo Fleva ilikuja na mimi aliye wazi. Mchanaji hujitaja jina, hutaja mtaa wake, humtaja adui. Pazia la fumbo hupungua na lawama humrudia msemaji mwenyewe. Zay B na Sister P walichana katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakati ambapo msichana mwenye kipaza sauti alitazamiwa aimbe kiitikio cha wimbo wa mwanamume. Witness alitokea katika kundi la Wakilisha mwaka 2004. Lady Jaydee, ambaye albamu yake ya Machozi ilitoka mwaka 2001, alijenga jina kwa uimbaji badala ya uchanaji, akadumu kuliko wengi wa waliomtangulia na kumfuata.

Mikumi inaingia katika habari hii kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2015 wapiga kura wa jimbo hilo walimchagua Joseph Haule, yaani Professor Jay, kuwa mbunge wao kwa tiketi ya CHADEMA, akatumikia hadi 2020. Huyu ndiye aliyeimba Ndio Mzee mwanzoni mwa miaka ya 2000, akijivika sauti ya mwanasiasa mwenye ahadi za uongo. (Si kila msanii hupata nafasi ya kuishi ndani ya kejeli yake mwenyewe.) Joseph Mbilinyi wa Mbeya Mjini alikuwa amemtangulia mwaka 2010, na Hamis Mwinjuma wa Muheza akafuata mwaka 2020. Wote watatu walitoka katika uchanaji, na wote waliingia Bungeni kupitia majimbo. Vicky Kamata, mwimbaji wa Wanawake na Maendeleo, aliingia mwaka 2010 kwa viti maalumu. Nakaaya Sumari, ambaye mwaka 2008 aliwaimba wanasiasa kwa ukali uliozungumzwa nchi nzima, hakufika huko. Ukali wa mwanamume ulihesabiwa kuwa dalili ya uongozi. Wa mwanamke ulihitaji kwanza kuelezwa.

Na mara nyingine ulihitaji kufungiwa. Mwaka 2016 video ya Chura ya Snura ilipigwa marufuku kwa hoja ya maadili. Mwaka 2019 Rosa Ree, mchanaji, alifungiwa na BASATA kwa sababu ya video. Wanaume nao wameadhibiwa, na haki inataka hilo lisemwe; ila kosa la mwanamume limekuwa mara kwa mara ni neno lake, ilhali la mwanamke limekuwa ni mwili wake. Kiuno kilichoonekana katika Chura si kigeni kwa yeyote aliyekulia penye unyago. Kilichokuwa kigeni ni kamera, kwa kuwa kamera haina mlango.

Siku hizi sehemu ya mafunzo ya mwali imehamia kwenye kicheni pati. Kungwi hukodiwa, spika hufungwa, na nyimbo za unyago huchanganywa na taarabu na Bongo Fleva katika usiku mmoja, kwa Kiswahili ambacho bado kinabeba mafumbo ya lugha za nyumbani. Wanaume huzuiwa kuingia, ingawa majirani wote husikia. Hapo, baada ya kungwi kutimiza kazi yake, msichana wa Kilosa huweza kushika kipaza sauti, akaongeza beti zake mwenyewe, mama na shangazi zake wakamtunza. Beti hizo hazimo katika mkusanyo wowote wa fasihi simulizi unaosomeshwa, na makungwi wanaojua zilikotoka wanazeeka.