Jiko la Bibi katika Nyumba ya Leo

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

Ndugu mgeni rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, viongozi wetu wa dini, wazee, majirani mliotuunga mkono, na ninyi wanachama wenzangu.   

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tuwakumbuke pia wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao hisa zao za kwanza ndizo zilizofungua sanduku hili.

Katibu ameshasoma taarifa, na mweka hazina ameshaeleza hesabu. Mimi sitarudia. Kamati imenipa niseme juu ya matunzo ya nyumba ya zamani katika familia za leo. Nilipolitaja jambo hili kikaoni baadhi yenu mlicheka, mkasema mwenyekiti anataka kuturudisha kwenye mafiga. Hapana jamani, sina nia hiyo. Nisikilizeni kwanza.

Siku hizi mambo ya zamani yamerudi. Ukienda hoteli za mjini unapakuliwa mchuzi kwenye chungu. Kwenye kichen pati wanapamba meza kwa vikombe vya bati, kawa na nyungo, na vitu hivyo vinauzwa kwa bei ambayo bibi zetu wangeshika vichwa. Ni vyombo vilevile tulivyovionea haya, tukavificha uvunguni wageni wakija. Sasa mabinti zetu wanatuuliza, mama, vya bibi viko wapi? Na wengi wetu hatuna cha kuwaonyesha.

Mimi jiko la bibi yangu nililiona kwa macho yangu miaka ya 1970, hapa hapa Tanga. Alilipanga alipoolewa, miaka ya 1950, na hakulibadilisha. Kulikuwa na mtungi wa maji penye kivuli, juu yake kata ya kifuu. Mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui. Kinu na mchi. Vyungu vitatu, cha wali, cha mchuzi na cha dawa, na hakuna aliyethubutu kuvichanganya. Juu iling'inia susu ya kuwekea chakula paka asifike. Sahani za bati zenye ukingo wa buluu zilikuwa kumi na mbili, na hazikutoka ila siku ya mgeni au sikukuu. Chumbani kulikuwa na vitambaa alivyofuma mwenyewe, vya kufunika redio na meza.

Sahani zile alizipataje na babu alikuwa kibarua wa mkonge? Alizipata kwa upatu. Akina mama kumi na wawili walichanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja akapokea. Zamu ya bibi ilipofika alikwenda dukani na fedha taslimu, akarudi na sahani kichwani. Hakukopa. Kwa hiyo tusidhani kuweka akiba tumefundishwa na wataalamu wa juzi. Bibi zetu walijua.

Na si upatu peke yake. Miaka ile ya 1950 palikuwa na vilabu vya akina mama Tanganyika, wakifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Kenya wenzetu walianza Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Kwetu baada ya Uhuru ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa kiongozi wake wa kwanza. Kisha zikaja kampeni za redioni, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wamekaa wameizunguka redio moja. Kwa hiyo jiko lile la bibi halikuwa la ujinga. Lilikuwa na elimu yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelibeba moyoni miaka minne, na leo nataka nilitue hapa mbele yenu.

Mwaka wetu wa sita ulikuwa mwaka wa vyombo. Mnakumbuka. Mmoja akinunua kabati la kioo, wiki ya pili wanalo watatu. Mimi mwenyekiti wenu nilichukua mkopo wa shilingi 400,000, nikaandikisha daftarini kuwa ni wa biashara ya dagaa. Dagaa sikununua hata kisado. Nilinunua kabati, seti ya masufuria meusi ya kung'aa, na hotipoti tatu. Na ili nipate nafasi jikoni, nilimwita kijana wa vyuma chakavu nikamuuzia masufuria mawili mazito ya marehemu mama yangu, pamoja na mbuzi ya bibi. Akanipa shilingi 9,000. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na mimi kidonda changu nilikinunua mwenyewe.

Mwaka haukuisha, masufuria yale yakaanza kubanduka weusi na mikono ikalegea. Rejesho nikachelewa miezi minne. Na sikuwa peke yangu, tulikuwa saba.

Basi Jumamosi moja mwenzetu akaja kikaoni analia. Mtoto wake alitakiwa kufanyiwa operesheni, na fedha iliyopungua ilikuwa shilingi 300,000. Mfuko wa jamii ukampa 50,000 kama kanuni inavyosema. Tukafungua sanduku kwa funguo zote tatu ili tumkopeshe zilizobaki. Ndani mlikuwa na 85,000. Fedha za kikundi zilikuwa kwenye makabati yetu, zimegeuka glasi na hotipoti.

Yule mama akaenda kukopa kwa watu wa mtaani, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini riba ilimshinda, wakaja wakachukua cherehani yake. Cherehani ile ndiyo ilikuwa inapika nyumbani kwake. Mama huyo yupo hapa leo, na amenipa ruhusa niseme bila kumtaja. Sisi saba tulichanga tukamnunulia cherehani nyingine, ya mkono wa pili. Lakini miezi mitano aliyokaa bila kazi hatuwezi kumrudishia. Mimi nilimwomba radhi faraghani. Leo naomba radhi hadharani, kwake na kwenu wote, kwa sababu daftari niliandika uongo na cheo changu ndicho kilichofanya nisiulizwe.

Tangu siku ile tulipitisha kanuni mbili mnazozijua. Ya kwanza, mkopo wa biashara kamati inakwenda kuiona hiyo biashara, hata kama ni ya mwenyekiti. Ya pili, vyombo havikopewi. Anayetaka vyombo anaingia kwenye upatu wa vyombo, watu kumi, shilingi 2,000 kila Jumamosi, na kila wiki mmoja anapokea 20,000. Nani alitufundisha? Bibi yangu na sahani zake kumi na mbili.

Ndugu zangu, niseme sasa yapi tuyachukue kutoka jiko lile tuyaingize katika nyumba zetu za leo.

Kwanza, konzi ya akiba. Bibi kabla ya kupika wali alichota konzi moja ya mchele akairudisha kwenye chungu cha pembeni. Watu wa nyumbani hawakuona tofauti. Konzi yangu nimeipima kwenye mizani ya dukani, ni kama gramu 50. Ukifanya kila siku, kwa siku 30 una kilo moja na nusu. Ni haba na haba ileile ya hisa zetu, ila hii inaanzia jikoni.

Pili, jiko kapu. Hili linataka kapu kubwa la ukili, au boksi, na mto wa sufi au nguo kuukuu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya. Yachemshe yatokote kwelikweli dakika 20, msipunguze, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Kisha funika sufuria vizuri, izamishe kapuni, ifunike kwa mto juu na pembeni, usichungulie. Baada ya saa tatu yameiva au yamebakiza kidogo. Yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uyaunge. Msiyaache humo mpaka asubuhi, yatachacha. Moto uliotumia ni mdogo sana, uwe wa mkaa au wa gesi. Mtungi wangu wa gesi mdogo umeongeza siku tangu nianze, na wakati maharage yanaiva mimi nipo genge langu la mboga.

Tatu, mtungi wa udongo. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, yakikauka nje yanaondoka na joto, na ya ndani yanapoa. Hauli umeme. Lakini maji yachemshwe kwanza, mtungi ufunikwe na usuguliwe ndani kila wiki, na kata iwe ya mkono mrefu ili vidole visiingie. Zamani hapo ndipo tulipokosea.

Nne, chungu. Chungu kipya bibi alikijaza maji kikalala, kesho yake akakipikia uji mwepesi wa kumwaga ili vitundu vizibe. Kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi haraka. Mchuzi wa samaki ukiuepua bado unachemka. Moto uwe wa wastani, na kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi, kitakuachia magae.

Tano, kapu la sokoni. Sisi tuliliacha tukashika mifuko ya plastiki, mpaka Serikali ikapiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Siku ile aliyekuwa na kapu la bibi yake hakuhangaika. Leo wenzetu wanne humu wanasuka na kuuza makapu, na mikopo yao wanarejesha kwa wakati. Kwa hiyo ya kale si pambo tu, ni kazi pia.

Sita, kichanja cha vyombo uani. Tulihimizwa kukijenga ili vyombo vikaushwe na jua, visilale chini. Ni miti na misumari tu. Kabati la kioo bila kichanja ni kuhifadhi uchafu mahali pazuri.

Lakini si yote ya kale ni mema, na lazima niseme kweli. Bibi yangu alikufa na kikohozi cha miaka mingi, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Jiko lile lenye chungu kizuri halikuwa na dirisha. Moshi ule tusiutamani. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kikundi kiwe mbele katika hilo. Chungu na kapu vinakaa vizuri tu na jiko la gesi.

Vilevile tusirudishe desturi ya mama kula ukoko baada ya wote kushiba, hata akiwa mjamzito. Wala ya mtoto wa kike kubaki nyumbani atwange, na kaka yake aende shule. Mimi niliishia la saba. Kufaulu sijui ningefaulu ama la, maana mwaka wa mtihani nilikuwa kinuni kuliko darasani. Mbuzi ya nazi haina jinsia. Mwanangu wa kiume anakuna nazi, mkewe anachuja tui, na hakuna aliyepungua. Akina baba mliokuja leo, nanyi nawaona mnacheka, karibuni jikoni.

Namalizia kwa ombi. Kila mmoja wetu akirudi nyumbani aangalie uvunguni na darini. Kama kuna chombo cha mama au bibi bado kizima, akitoe, akioshe, akitumie, na amweleze binti yake kilikuwa cha nani na kilipatikanaje. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi wangu niliuacha kwa shilingi 9,000, na mbuzi ninayokunia sasa nimeinunua kwa zamu yangu ya upatu. Ni nzuri, inakuna. Lakini siyo ile aliyoikalia bibi.

Nawashukuru waasisi, kamati, waume waliotuvumilia Jumamosi zote hizi, na mgeni wetu rasmi kwa kutuheshimu. Yule mama wa cherehani ndiye aliyeshona sare tulizovaa leo. Naomba tusimame tumpigie makofi.

Mungu akibariki kikundi chetu. Mungu ibariki Tanzania.