Mikopo ya Sola: Hesabu Tuliyochelewa Kuipiga



Tumeombwa tuseme machache juu ya mikopo ya sola. Tuanze na aibu yetu, maana wengi mnaijua. Mwenzetu mmoja alikopa katika mfuko wetu akafunga paneli ya wati 50 na betri moja. Siku ile tulipiga vigelegele, koroboi ikatupwa. Kabla mwaka haujaisha betri ikafa, deni likabaki, na wadhamini wake wawili wakalilipa kwa hisa zao. Mmoja wao hajahudhuria kikao tangu hapo.

Jua halikuwa na kosa. Sisi sote, hata kamati, hatukupiga hesabu. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali saa tano inatoa wati-saa 250, na hapo vumbi na kivuli cha mwembe havijachukua chao. Taa nne za wati 5, kwa saa nne, ni 80 tu. Zinatosha na kubaki. Lakini kijana wa nyumbani akaleta inveta na pasi ya wati 1,000. Pasi hiyo kwa robo saa ni wati-saa 250, mavuno ya siku nzima! Na betri ya maji ikikamuliwa kupita nusu kila siku haichelewi kufa.

Siku hizi mwombaji tunamwuliza: betri ya pili utainunua kwa nini? Paneli nzuri hukaa miaka 20 na zaidi, betri ya maji mitatu au minne, tena ikitunzwa. Za lithiamu hudumu zaidi, ila bei yake, mama wee! Kwa hiyo anaweka fedha ya betri kila mwezi, hata mkopo ukiwa umekwisha. Na wale wanaolipia kidogo kidogo kwa simu wajumlishe yote kabla ya kutia sahihi. Ukikwama, taa zinafungwa.

Betri isikae chumba cha kulala, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Paneli nayo ikazwe boliti sawasawa. Nyumba zetu ni fupi, mwizi hahitaji ngazi.

Maombi mapya manne yako mezani, tutayapitia kikao kijacho. Yule mdhamini tumemwandikia barua kumwomba arudi, na fedha yake tumeanza kumrejeshea.