Benki Ikifungwa, Akiba Yako Iko Wapi?

Leo tuko Mbinga, mji wa kahawa mkoani Ruvuma. Hapo ilikuwapo Mbinga Community Bank, benki ya wananchi. Tarehe 12 Mei 2017, Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni kwa sababu mtaji wake ulikuwa umepungua mno.

Je, wenye akiba walipoteza kila kitu? La. Benki zote nchini huchangia mfuko wa Bodi ya Bima ya Amana. Wakati huo mteja alifidiwa kutoka mfuko huo hadi shilingi 1,500,000. Aliyeweka zaidi ilimbidi asubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe.

Basi, ndugu, tunza stakabadhi zako. Hakikisha jina la kwenye akaunti linalingana na la kitambulisho. Na kabla ya kuweka fedha popote, uliza: leseni ya Benki Kuu ipo?